Andrew Hattersley na swali la ni kisukari gani hasa

Mtoto mchanga anapogunduliwa kuwa na kisukari kabla ya kutimiza miezi sita, karibu kila mara chanzo chake hakiwi kinga ya mwili kushambulia kongosho, kama ilivyo kwa kisukari aina ya kwanza, bali huwa ni hitilafu katika jeni moja. Leo jambo hili limo katika miongozo ya kimataifa ya tiba. Mwanzoni mwa karne hii watoto hao walihesabiwa tu kuwa wagonjwa wa aina ya kwanza waliougua mapema kuliko wenzao, wakaanzishiwa insulini, na wazazi wakaelezwa kwamba sindano hizo ni za maisha. Kwamba wengi wao wangeweza kuishi bila sindano, kwa kumeza vidonge vya bei nafuu ambavyo watu wazima wamekuwa wakivitumia tangu miaka ya 1960, ni matokeo ya utafiti ulioongozwa kwa sehemu kubwa na Andrew Hattersley, daktari bingwa wa kisukari na profesa katika Chuo Kikuu cha Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza, pamoja na mwenzake wa siku nyingi Sian Ellard na kundi la vijana waliopitia mikononi mwao.

Namchagua Hattersley kwa sababu safari yake ya utafiti inajibu swali ambalo watu wengi huliuliza, na wana haki ya kuliuliza, kila wanaposikia habari za jeni: mgonjwa anafaidika nini? Fedha nyingi zimemiminwa katika kusoma vinasaba vya binadamu, na kwa maradhi mengi ya kawaida jibu bado ni kwamba tumejifunza mengi lakini dawa ni zilezile. Kwa Hattersley mambo yalikwenda vingine, na ninaamini sababu yake haikuwa mashine bora kuliko za wenzake. Sababu ni kwamba tangu mwanzo alikataa kutenganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida hugawiwa watu watatu tofauti: historia ya familia ya mgonjwa, namna seli inavyopokea na kupeleka taarifa, na dawa itakayoandikwa kwenye cheti.

Alianzia Oxford, chini ya Robert Turner, mtafiti aliyeongoza uchunguzi mkubwa na wa miaka mingi wa tiba ya kisukari aina ya pili nchini Uingereza. Tangu mwaka 1974, Robert Tattersall alikuwa ameeleza juu ya koo chache ambamo kisukari kilikuwa kikirithiwa kizazi hadi kizazi, kikianza ujanani, kwa watu wembamba ambao hawakuhitaji insulini. Wengi waliziona familia hizo kama maajabu ya pembezoni yasiyohusiana sana na ugonjwa wa watu wengi, lakini kwa Turner na mwanafunzi wake zilikuwa fursa. Mwaka 1992 walichapisha matokeo ya ukoo mmoja mkubwa wa Kiingereza yaliyoonyesha kwamba kisukari chao kinaandamana na jeni ya glukokinasi, kimeng'enya ambacho kwenye seli beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, hufanya kazi ya kupima kiasi cha glukosi. Mwaka huohuo kundi la Philippe Froguel nchini Ufaransa lilifikia jibu lilelile kwa familia za Kifaransa. Kwa mara ya kwanza, kisukari kilichokuwa kikiitwa aina ya pili kilikuwa kimepatiwa chanzo kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole.

Hapa lazima tuingie ndani ya seli yenyewe, kwani bila hivyo hadithi iliyobaki haieleweki. Glukosi ikipanda katika damu, huingia ndani ya seli beta, ambako glukokinasi huishika na kuianzisha katika mnyororo wa kuchomwa. Mwisho wa mnyororo huo ni ATP, molekuli ambayo seli huitumia kama nishati. Kwenye utando wa seli beta kuna mifereji midogo ya protini inayopitisha potasiamu kwenda nje. Kila mfereji una sehemu mbili, moja iitwayo Kir6.2, ambayo ndiyo tundu lenyewe, na nyingine iitwayo SUR1, inayolidhibiti tundu hilo. ATP ikiongezeka, hujishikiza kwenye Kir6.2 na mfereji hufunga. Potasiamu ikikosa njia ya kutoka, chaji ya umeme kwenye utando hubadilika, njia za kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia, na vifuko vya insulini vilivyokuwa vikingoja hutoa mzigo wake kwenye damu. Tukio zima, kutoka sukari hadi insulini, hutegemea mlango mmoja unaofungwa kwa wakati unaostahili.

Mfereji huu haukugunduliwa na watu wa jeni. Mwaka 1984 Frances Ashcroft na wenzake huko Oxford, wakitumia ncha ya kioo nyembamba mno iliyobanwa kwenye utando wa seli moja ya kongosho la panya, walipima umeme unaopita kwenye mfereji mmojammoja na kuona ukifunga pindi glukosi inapoongezwa. Jeni za sehemu zake mbili zilipatikana mwaka 1995. Nayo dawa inayoufunga mfereji huo ilikuwapo miongo mingi kabla mtu yeyote hajajua kwamba mfereji upo: mwaka 1942, mjini Montpellier nchini Ufaransa, Marcel Janbon aliwapa wagonjwa wa homa ya matumbo dawa mpya ya jamii ya salfa akaona sukari yao inashuka kwa hatari, na Auguste Loubatières akathibitisha kwa majaribio ya mbwa kwamba dawa hiyo inalisukuma kongosho litoe insulini. Kutokana na bahati hiyo zilizaliwa sulfonilurea, na miongoni mwake glibenklamidi, kidonge ambacho mgonjwa yeyote wa kisukari wa Tanzania, Kenya au Uganda anakifahamu au amemwona jirani akikimeza.

Kwa hiyo, kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, vipande vyote vilikuwa mezani. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali moja: je, mtoto anayezaliwa na mfereji usioweza kufunga atakuwa na hali gani? Hattersley, aliyekwisha kuhamia Exeter, pamoja na Anna Gloyn, mtafiti kijana ambaye naye alikuwa amesomea kwa Turner, na kwa ushirikiano na Ashcroft, walisoma jeni ya Kir6.2 ya watoto 29 waliougua kisukari cha kudumu wakiwa wachanga. Mwaka 2004 walitangaza kwamba 10 kati yao walikuwa na mabadiliko ya jeni yaliyoufanya mfereji usiitikie ATP kama ipasavyo. Mfereji unabaki wazi, seli haipati ishara, na insulini inabaki imefungiwa ndani ya seli ambayo ni nzima na yenye akiba.

Ni hapo ambapo ujuzi wa mawasiliano ya ndani ya seli uliupa ugunduzi wa jeni thamani ambayo peke yake usingekuwa nayo. Kama watafiti wangeishia kwenye jina la jeni, wazazi wangepewa jina la ugonjwa na sindano zilezile. Lakini sulfonilurea hazihitaji ATP. Hushika upande wa SUR1 na kuulazimisha mfereji ufunge, na kwa sababu hiyo zilitarajiwa kufanya kazi hata pale ambapo Kir6.2 haisikii. Mwaka 2006 Ewan Pearson, Hattersley na wenzao walichapisha matokeo ya wagonjwa 49 wenye mabadiliko ya jeni hiyo waliojaribiwa vidonge: 44 waliacha insulini kabisa, na wastani wa sukari yao ukawa bora kuliko ulivyokuwa walipokuwa wakidungwa. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha hali ya sukari ya miezi michache iliyopita, kilishuka kutoka asilimia 8.1 hadi 6.4 ndani ya wiki 12.

Mzazi aliyewahi kumchoma sindano mtoto wake mchanga mara kadhaa kila siku, kwa dozi ndogo kiasi kwamba kosa dogo tu la kuvuta dawa kwenye bomba linaweza kumzimisha, anajua tarakimu hizo zina uzito gani. Mahali pa sindano panachukuliwa na kidonge kinachosagwa na kuchanganywa na maji kidogo, kisha kumiminwa mdomoni kwa bomba lisilo na sindano. Dozi inayohitajika, ikilinganishwa na uzito wa mtoto, mara nyingi ni kubwa kuliko ile wanayopewa watu wazima wenye aina ya pili, jambo lililowatia madaktari wasiwasi kwamba sukari ingeshuka kupita kiasi. Ripoti ya mwaka 2018 iliwafuatilia wagonjwa 81 kwa takriban miaka kumi na kukuta kwamba asilimia 93 bado walikuwa kwenye vidonge pekee, bila kisa hata kimoja kilichoripotiwa cha kushuka kwa sukari kwa kiwango cha hatari kubwa.

Ripoti hiyohiyo haikuficha upande mwingine. Mfereji wa Kir6.2 upo pia kwenye neva na misuli, na watoto wenye mabadiliko makali huchelewa kukua kiakili na wengine hupata kifafa. Vidonge huwasaidia baadhi yao, hasa wakianza mapema, lakini kasoro nyingi za ubongo hubaki. Ndiyo maana wiki za mwanzo zina thamani, na ndiyo maana kundi la Exeter kwa miaka mingi limekuwa likipokea sampuli za watoto waliogunduliwa na kisukari kabla ya miezi tisa kutoka kokote duniani na kuzipima bila malipo. Mwaka 2015 walitoa matokeo ya wagonjwa 1,020 kutoka nchi 79, ambapo chanzo cha kijeni kilipatikana kwa asilimia 82, na jeni za mfereji wa potasiamu peke yake zikachukua karibu watu wanne katika kila kumi. Katika familia ambazo baba na mama ni ndugu wa damu picha ilikuwa tofauti. Huko jeni iliyoongoza ni EIF2AK3, inayoharibu pia mifupa na ini. Kwa wasomaji wa pwani yetu na wa nchi za Ghuba, ambako ndoa za binamu ni za kawaida, habari hiyo ina maana ya moja kwa moja, na nadhani inapaswa kuzungumzwa na familia hizo bila kuwalaumu.

Kuna sehemu nyingine ya kazi hii ambayo kwangu ni ya kupendeza kuliko hata ile ya vidonge, kwa jinsi ilivyopatikana kwa fikra zaidi kuliko kwa vifaa. Hattersley alitambua kwamba familia zenye hitilafu ya glukokinasi zinaweza kufafanua jambo lisilohusiana kabisa na tiba yao: ni nini kinachoamua uzito wa mtoto tumboni. Insulini ya mtoto mwenyewe humkuza akiwa tumboni. Mtoto aliyerithi hitilafu hiyo hutoa insulini kidogo zaidi, na kundi lake lilionyesha mwaka 1998 kwamba huzaliwa akiwa pungufu kwa takriban nusu kilo. Kama mama ndiye mwenye hitilafu na mtoto hakuirithi, sukari ya mama iliyo juu humchochea mtoto atoe insulini zaidi, naye huzaliwa mzito. Wote wawili wakiwa nayo, athari hizo mbili hukaribia kufutana. Wakati huo nadharia iliyotawala ilisema kwamba mtoto aliyezaliwa mdogo hupata kisukari ukubwani kwa sababu ya lishe duni tumboni. Mwaka 1999 Hattersley na John Tooke wakapendekeza kwamba huenda jeni zilezile zinapunguza uzito na pia kuleta kisukari baadaye. Nadharia hizo mbili bado zinaishi pamoja, na sidhani ipo haja ya kuizika mojawapo.

Watu hawa wa glukokinasi wana fundisho jingine, la kitabibu. Sukari yao hukaa juu kidogo maisha yote na karibu haiwadhuru. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 uliwatazama watu walioishi na hali hiyo kwa wastani wa karibu miaka 49 na kukuta kwamba madhara makubwa ya macho, figo na mishipa yalikuwa machache, karibu sawa na ya watu wasio na kisukari. Tiba yao, nje ya ujauzito, ni kuachwa bila dawa. Nchini Uingereza takriban mtu mmoja kati ya elfu ana hitilafu hiyo. Wapo, basi, watu wanaomeza vidonge na kuandamwa na hofu kwa miaka kwa ajili ya ugonjwa usiohitaji kutibiwa, na hakuna kinachowatofautisha na wengine ila mtu kuketi na kuuliza nani katika ukoo ana sukari, tangu lini, na kiasi gani. Wale wenye hitilafu ya jeni ya HNF1A, iliyotambuliwa mwaka 1996 na kundi la Graeme Bell wa Chicago kwa kushirikiana na maabara kadhaa, kundi la Hattersley likiwamo, nao huitikia dozi ndogo ya sulfonilurea vizuri mno, ilhali baadhi yao walikuwa wamewekwa kwenye insulini kwa miaka mingi wakidhaniwa kuwa wa aina ya kwanza. Hesabu iliyotolewa Exeter mwaka 2010 ilikadiria kwamba zaidi ya asilimia 80 ya Waingereza wenye kisukari cha jeni moja kinachoanza ujanani walikuwa hawajatambuliwa hivyo.

Pingamizi kubwa dhidi ya kazi hii linajulikana, nalo ni la haki: wagonjwa hawa ni wachache. Kisukari cha jeni moja ni asilimia chache tu ya kisukari chote, na kile cha watoto wachanga ni nadra zaidi. Hattersley mwenyewe alishiriki katika upande wa pili, wa kisukari cha wengi. Alikuwa miongoni mwa watafiti waliotangaza mwaka 2007 kwamba jeni ya FTO inahusiana na unene, ambapo mtu aliyerithi nakala mbili za aina husika huwa mzito kwa wastani wa kilo tatu hivi. Tangu hapo mamia ya maeneo ya vinasaba yamehusishwa na kisukari aina ya pili, kila moja likichangia hatari kidogo tu, na bado daktari wa kliniki hana anachofanya tofauti kwa kuyajua. Kwa mpangaji wa bajeti ya afya katika nchi ambako insulini yenyewe huisha katika zahanati kabla mwezi haujakwisha, kuzungumzia upimaji wa jeni kunaweza kuonekana anasa.

Ninalichukulia pingamizi hilo kwa uzito, lakini nadhani linakosea kuhusu kilicho ghali. Katika hospitali zetu nyingi za wilaya, aina ya kisukari huamuliwa kwa umri na umbo: kijana mwembamba ni aina ya kwanza, mtu mzima mnene ni aina ya pili. Vipimo vya kingamwili, yaani alama za kwenye damu zinazoonyesha kwamba kinga ya mwili imeshambulia kongosho, havipo, na kipimo cha C-peptidi, kinachoonyesha kama kongosho bado linatoa insulini yake, hakipatikani. Kanuni hiyo ya umri na umbo imetoka Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na sasa tunao ushahidi kwamba kwetu haishiki. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa vijana wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini waliokuwa wakitibiwa kama wagonjwa wa aina ya kwanza, ulioongozwa na Jean Claude Katte, daktari wa Cameroon aliyesomea Exeter. Takriban asilimia 65 kati yao hawakuwa na kingamwili zozote zinazojulikana za kisukari cha aina hiyo, na vinasaba vyao, kwa jumla, havikuonyesha hatari ile inayotarajiwa kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imeshambulia kongosho.

Hiyo haimaanishi kwamba vijana hao hawahitaji insulini; mgonjwa anayeiacha kwa sababu amesoma makala anaweza kufa ndani ya siku chache, na nalisema hili waziwazi ili mzazi asije akalichukulia vingine. Inamaanisha kwamba hatujui wanaugua nini hasa, na kwamba ugonjwa ambao haujatambulika hautibiwi vizuri wala hauzuiliki.

Mfano wa pili wa kanuni za nje zisizoshika kwetu unagusa hata kipimo chenyewe. HbA1c hupima sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, hivyo hutegemea chembe hizo zinaishi muda gani. Watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao umeenea katika maeneo ya malaria kwa kuwa huwakinga wenye nao, huwa na chembe zenye umri mfupi. Uchunguzi wa kimataifa wa mwaka 2017 ulikuta kwamba wanaume wenye asili ya Afrika walio na aina moja ya jeni hiyo wana HbA1c iliyo chini kwa takriban nukta 0.8 za asilimia kuliko hali yao halisi. Mtu kama huyo anaweza kuambiwa yuko salama wakati kisukari kimekwisha kumwingia. Hakuna namna ya kulijua hilo kwa kusoma vinasaba vya Wazungu peke yao, na ni kwa kuchunguza watu 5,231 wa Nigeria, Ghana na Kenya, Eldoret ikiwa mojawapo ya vituo, ambapo kundi la Charles Rotimi lilitambua mwaka 2019 jeni ya ZRANB3 kuwa inahusika na kisukari aina ya pili miongoni mwa Waafrika.

Kinachoweza kuigwa kutoka Exeter si maabara yake. Ni mpangilio wa kazi: wauguzi waliofunzwa kuchora ukoo wa mgonjwa na kutambua ni yupi wa kupimwa zaidi, kipimo cha C-peptidi cha mkojo, kilichobuniwa hukohuko, ambacho sampuli yake ikiwekwa kwenye chupa yenye asidi ya boriki hukaa bila jokofu kwa siku tatu na hivyo inaweza kusafirishwa kwa basi hadi maabara ya kanda, na kanuni kwamba mtoto yeyote aliyepata kisukari kabla ya miezi sita huchukuliwa sampuli ya kupimwa vinasaba siku hiyohiyo bila kungoja uthibitisho mwingine. Wodi za watoto za Muhimbili, Mulago na Kenyatta zina madaktari wenye uwezo wa kufanya yote hayo. Vituo vya ngazi ya chini ndivyo vyenye kazi ngumu zaidi, kwa kuwa kichanga mwenye kisukari hufika akiwa amekauka maji, anahema kwa kasi na ana homa, akaandikiwa dawa za malaria au nimonia, na kama hakuna aliyemchoma kidole kupima sukari, hilo swali la jeni halitafika kwa mtu yeyote. Vipande vya kupimia sukari vinapaswa kuwapo katika kila chumba anachopokelewa mtoto mgonjwa, na mwongozo wa kutibu homa kali ya kichanga unapaswa kuliagiza hilo kwa maandishi.